Salere inapita ku terasi: nani anashiba, nani anabaki na chupa tupu?

Hapa Lubumbashi, kama unataka kujua kama kampuni za mine zimelipa, usipige simu ku benki. Pita tu Kenya, pita Kamalondo, pita Katuba ao Ruashi siku ya Ijumaa saa kumi na mbili ya magaribi, uhesabu viti. Kama viti vya plastiki vimejaa mpaka ku barabara, kama moshi wa michopo unafunika njia, kama sono mbili zinapigana kelele ukuta kwa ukuta, basi mishahara imetoka. Kama mama mwenye terasi amekaa pekee yake, chupa ziko baridi na hakuna mutu wa kuzifungua, basi kuko jambo ku mine. Mama huyu hasomi bei ya shaba ya London, lakini habari ya shaba anaijua mbele ya gazeti.

Leo siye wa sendika tunaandika juu ya pombe na muziki. Kuko wenye watasema: "Ba sendika bamekosa maneno?" Apana. Salere tunaipigania miezi na miezi mu mazungumuzo na wakubwa wa kazi, kisha inapita ku meza ya terasi mu siku mbili. Kama hatuangalie inapita namna gani, na inaingia mu mufuko wa nani, tumefanya kazi nusu.

Na tuseme wazi toka mwanzo: hatukuje kufunga bar ya mutu. Mutu aliyeshinda saa kumi na mbili chini ya vumbi ana haki ya kukaa na wenzake, kuonja kitu baridi na kusikia gita. Tunataka kujua tu bei yake ya kweli ni ngapi, na nani anailipa.

Chupa yenyewe

Muji wetu una pombe yake. Simba inatengenezwa hapa hapa, na kiwanda chake, Brasimba, leo ni cha kikundi cha Castel cha Ufaransa. Simba ni ya rangi ya zahabu, nyepesi, na uchungu wake ni kidogo, wa kusafisha koo kisha vumbi. Njo inaenda muzuri na michopo yenye chumvi na pilipili. Ndugu yake ni Tembo, yenye rangi ya kahawia, nzito ku ulimi, na utamu kama wa sukari iliyoungua. Wazee wengi wanasema Tembo haikunywewe mbio, inakaliwa nayo. Kisha kuko Primus ya Bralima na zingine zenye zinatoka Kinshasa. Mabishano juu ya chupa gani ni bora hayaishi, kama yale ya Mazembe na Lupopo.

Lakini mbele ya chupa kulikuwa chungu. Munkoyo ya mahindi, ya mama zetu, watoto pia wanaikunywa na haimuangushi mutu. Kibuku, watu wanapitishana kikombe. Na kuko lutuku, yenye inapikwa mu kichaka na mu kiwanja, haina rangi, inaungua mpaka tumboni, na hakuna anayejua nguvu yake ni ngapi.

Mutu hatoke ku Simba na kuenda ku lutuku sababu ulimi wake umebadilika. Mufuko njo umebadilika. Mu camp, kama unaona wanaume wenye walikuwa wanakunywa chupa moja moja wameanza kukutana nyuma ya nyumba na kopo la lutuku, usianze na mahubiri. Uliza kwanza: kontra imekatwa? Lipa imechelewa? Masaa yamepunguzwa? Lutuku inakuja kisha salere kuanguka, na ikifika inaangusha pia mwili. Mutu anapoteza macho, maini, na mwisho kazi yenyewe.

Muziki ulikuwa wa wafanyakazi

Muziki wetu wa gita haukutoka mu studio kubwa. Jean-Bosco Mwenda wa Bayeke, muzaliwa wa Bunkeya, alirekodiwa na Hugh Tracey mu 1952 kule Jadotville, ni kusema Likasi ya leo. Vidole viwili tu, na gita moja ilikuwa inalia kama tatu. Edouard Masengo alimufuata mu njia ile ile. Mwisho wa miaka ya 1950 wote wawili walifika Nairobi, na kule kampuni ziliwatumia kwa kutangaza bidhaa zao: Mwenda aliimbia dawa ya kichwa Aspro, Masengo aliimbia Coca-Cola. Ni kusema, tangu zamani mwenye gita na mwenye kuuzisha chupa wanajuana. Mwenda alikufa mu 1990 mu aksida ya barabara kule Zambia. Leo vijana wengi wa Kolwezi na wa hapa wanasikia gita ya Afrika Mashariki bila kujua kama sehemu ya mbegu yake ilitoka Katanga.

Kuko pia karindula. Wenye hawajaiona: ni banjo kubwa kuliko mutu mwenyewe, mwili wake ni pipa ya mafuta iliyokatwa na kufunikwa ngozi ya mbuzi, na nyuzi ine. Mupigaji anaikalia ao anasimama pembeni yake, wenzake wanaimba na kucheza, na watu wa quartier wanasimama duara. Pipa ni takataka ya kazi. Vijana walitosha ndani yake sauti. Vikundi vya karindula vilirekodiwa hapa Lubumbashi, na mu 2011 kazi ile ilitoka inchi za nje kwa jina The Karindula Sessions. Huko nje wanaijua. Hapa kwetu, terasi ngapi zinaita kikundi cha karindula na kukilipa?

Mu Desemba 2021 UNESCO iliandika rumba ya Kongo, zote mbili, Kinshasa na Brazzaville, ku liste ya urizi usioshikika wa wanadamu. Siye wote tulifurahi. Lakini heshima ya UNESCO haipite ku buvete ya Kenya kulipa mupiga bass. Orkestra ya watu wanane inaomba chakula cha watu wanane, taksi ya vyombo, kamba za gita. Sono yenye mutu mmoja na kompyuta inaomba umeme tu. Na umeme ukikatika, groupe inaunguruma nyuma ya ukuta. Mwenye terasi anahesabu, anachagua sono. Hatumulaumu, yeye pia analipa kodi ya nyumba, taksi za commune, na kasie mbele ya kuuzisha.

Lakini tazama orkestra zenye zingali zinapiga siku ya Posho na Yenga. Wanalipwa namna gani? Mara mingi hakuna bei ya usiku. Kuko chakula, kuko chupa, na kuko franka zenye wasikilizaji wanabandika ku uso wa muimbaji. Njo hapo libanga inaingia: unatoa kitu, jina lako linaimbwa. Kwa Lingala libanga ni jiwe, na kutafuta maisha ni kupiga jiwe. Siye wa mine tunapiga jiwe la kweli. Mwanamuziki anapiga la jina. Sisi wote wawili tunaishi kwa jiwe, na sisi wote wawili tunangojea mutu mwenye mufuko afurahi. Mwanamuziki wa terasi ni mufanyakazi bila kontra, bila delege, bila likizo ya ugonjwa. Kama hiyo haifanane na sutretansi, tuambieni inafanana na nini.

Fiston Mwanza Mujila, muzaliwa wa Lubumbashi, aliandika mu 2014 kitabu cha Kifaransa, Tram 83. Ndani yake bar moja inakusanya wachimbaji, wanafunzi, wanamuziki na watalii wa kutafuta utajiri. Wageni walikisoma kama ndoto ya ajabu. Mutu wa Lubumbashi anasoma na kusema: ni kwetu, siku ya lipa.

Hesabu ya chupa

Sasa tuhesabu. Kwa miaka mingi salere ya chini kabisa ya inchi ilibakia franka 7,075 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi, hiyo ni franka 183,950. Dekreti ya 2025 iliipandisha mpaka 14,500 kwa siku, ni kusema 377,000 kwa siku 26. Kisha ikapanga 21,500 tangu Januari 2026, ni kusema 559,000. Hiyo ni hatua, na sendika za inchi ziliiomba miaka mingi. Lakini sheria ku karatasi ni kitu kimoja, na bahasha ya mufanyakazi wa siku mwenye kukodishwa na kampuni ndogo ni kitu kingine. Kila delege aulize mu kampuni yake: 21,500 iko inalipwa, ao iko inasomwa tu?

Chukua bei ya chupa ya terasi ya kwako. Tuseme, kwa kuhesabu tu, ni franka 4,000. Mutu wa salere ya chini akikunywa chupa mbili na kununulia mwenzake moja, ametoa 12,000: zaidi ya nusu ya siku moja ya kazi. Akifanya vile mara mbili kila juma, kwa majuma mane, ni 96,000. Kwa salere ya 559,000 hiyo ni karibu franka moja mu kila sita. Kwa salere ya zamani ingekuwa zaidi ya nusu. Michopo hatujahesabu. Taksi ya kurudi hatujahesabu. Libanga hatujahesabu.

Franka hizo zinaenda wapi? Sehemu inaenda ku kiwanda. Sehemu inaenda ku serkali: kuko ushuru wa pombe wenye DGDA inakusanya, na TVA ya 16 ku mia. Ni kusema, mufanyakazi akikunywa, analipa kodi mara ya pili juu ya salere yenye ilikwisha kukatwa kodi. Kisha sehemu ya mwenye depo, sehemu ya mama wa terasi. Mwanamuziki anaokota chenye kilianguka. Serkali yenye inakula ku kila chupa haina haki ya kuhubiri tu juu ya ulevi. Ina deni ya hospitali, ya taa ku barabara na ya maji mu quartier.

Kobalti ikifungwa, terasi inajua

Tarehe 22 Februari 2025 serkali ilifunga njia ya kutosha kobalti mu inchi, kwanza kwa miezi mine, kisha mu Juni ikaongeza miezi mitatu. Tangu 16 Oktoba 2025 waliweka kota: tone 18,125 kwa mwisho wa mwaka ule, na tone 96,600 kwa kila mwaka, 2026 na 2027. Sababu inajulikana. Kongo inatoa zaidi ya sehemu mbili ku tatu za kobalti ya dunia, lakini bei ilikuwa imeanguka sana, sababu ilitoka mingi kupita. Kisha kufunga, bei ilipanda zaidi ya mara mbili. Kama siasa ya inchi, hatuikatae: mali ni yetu, haifae kuuzishwa kama maboga ya mwisho wa soko.

Lakini nani alibeba uzito wa miezi ile? Kampuni kubwa ziko na shaba, na bei ya shaba ilipita dolar 10,000 kwa tone. Zinaweza kungoja. Shofere mwenye kulipwa kwa safari hangoje. Mupakiaji wa siku hangoje. Muchimbaji wa mukono mwenye kuuzisha mufuko wake ku depo hangoje. Safari ikipunguka, salere inapunguka. Salere ikipunguka, mama wa terasi anachukua kasie moja pahali pa tatu. Muchoma michopo ananunua mbuzi mmoja pahali pa wawili. Orkestra inaambiwa irudi mwezi unaokuja. Hakuna hata mumoja wao anayehesabiwa mu ripoti ya mine, lakini wote wanakula ku shaba na kobalti. Siku serkali inaamua kota, ikumbuke kama inaamua pia juu ya watu hao.

Bia ya kontra na benki Lambert

Hapa tunafika ku kidonda. Mu muji huu kuko kazi zenye zinapatikana mezani. Kijana anatafuta kontra ya miezi mitatu, anaambiwa: "Petit, ukuye uone muzee ku terasi." Anakuja, analipa chupa za kapita, za rafiki wa kapita, za mwenye kuandika majina. Akipata kazi, mwezi wa kwanza anarudi kulipa deni. Kontra ikiisha, duara inaanza upya. Hiyo si urafiki. Ni rushwa yenye povu juu.

Na kama franka hazitoshi, kuko benki Lambert. Unakopa 100, unarudisha 150 mwisho wa mwezi. Mara mingi kadi ya benki inabaki mukononi mwa mwenye kukopesha. Salere inatoka, yeye njo wa kwanza ku kishini. Mufanyakazi anapewa chenye kilibaki, na anakopa tena kwa mwezi unaofuata. Wengi wanaingia mule kwa sababu ya matanga ao ya shule ya watoto, apana ya pombe. Lakini mezani pa pombe njo fasi mwenye kukopesha anatafuta watu wake.

Sheria ya dunia ilikwisha kuona jambo hili. Mu Uingereza, sheria ya mine ya 1842, ile yenye ilitosha wanawake na watoto wadogo chini ya udongo, ilikataza pia kulipa wachimbaji ndani ya bar, sababu wasimamizi walikuwa wanalipa kule, na mutu alikuwa anatoka bila kitu. Mu 1949 Mukataba namba 95 wa Shirika la Kazi la Kimataifa ulirudilia: ku kifungu cha 13, salere haiwezi kulipwa mu fasi ya kuuzisha pombe, isipokuwa kwa wale wanaotumika pale. Roho ya sheria hiyo ni moja: salere isipite mukononi mwa mwenye kuuzisha chupa mbele ya kufika nyumbani. Bia ya kontra na kadi ya Lambert vinavunja roho hiyo, hata kama karatasi ya lipa ni safi.

Meza ni fasi ya kusema

Pamoja na hayo yote, tunatetea meza. Wakati wa Wabelgiji, Union Minière ilipanga maisha yote ya mufanyakazi: nyumba, posho, shule, sinema, mpira. Wazee walisema kazi njo baba, kazi njo mama. Lakini baba huyo hakupenda watoto waseme. Tarehe 9 Desemba 1941, wafanyakazi waliogoma kwa kuomba nyongeza walipigwa risasi ku uwanja wa mpira wa Elisabethville. Sendika za weusi zilikubaliwa tu mu 1946. Mbele ya hapo, mutu alisemea wapi? Nyumbani, kanisani, ku mpira, na penye watu walikunywa pamoja.

Leo pia ni vile. Mezani njo tunasikia kama mwenzetu wa kampuni ingine analipwa ngapi, kama kuko aksida yenye haikuandikwa, kama kuko kifo chenye kilifichwa. Kisha mwaka 2003, wakati zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines walitoka kwa kile kilichoitwa "kutoka kwa kupenda," kuko wenye walifungua buvete ku mulango wa nyumba, na mama mwenye nyumba njo aliisimamia. Watoto wengi wa Katuba na Ruashi walisoma kwa chupa hizo. Mwenye kusema bar ni zambi tu, aseme pia ada ya shule ingetoka wapi.

Kwa hiyo tunaomba mambo matano.

Moja: tarehe ya lipa iwe moja na iheshimiwe, hata kwa wafanyakazi wa siku. Salere yenye kuja kwa vipande inakunywewa kwa vipande.

Mbili: hakuna kazi ya kutolewa mezani. Delege aandike tarehe na fasi ya kila bia ya kontra, bila kutangaza jina la kijana, na tupeleke jambo mbele ya wakubwa wa kazi.

Tatu: alkotesti ku mulango wa mine tunaikubali, sababu mutu mulevi ku mashine anaua wenzake. Lakini mara ya kwanza iwe kurudishwa nyumbani na kuonwa na munganga, apana kufukuzwa bila kusikilizwa. Na kipimo kiwe kimoja kwa mufanyakazi na kwa injenieri.

Ine: terasi na orkestra waandikiane bei ya usiku, hata ku karatasi ya daftari. SOCODA, yenye iliundwa mu 2011 kwa haki za watungaji, ionekane Lubumbashi ku upande wa kulipa pia, apana ku upande wa kukusanya tu. Na mwenye terasi ajaribu muziki wa gita ao karindula saa kumi mpaka saa mbili: mama na watoto wanaweza kuja, na mutu wa shifti ya asubuhi analala.

Tano, na hii ni ya nyumbani: likelemba itoke mbele ya chupa. Siku ya lipa, sehemu ya likelemba, ya unga na ya shule iende kwanza mukononi mwa mama mwenye nyumba. Chenye kinabaki, papa akae nacho ku terasi bila kujificha, na mama akitaka aje naye akae, akunywe munkoyo ao Simba yake.

Mu mukutano wa sendika wa mwezi huu, kila kikundi kilete hesabu yake: chupa ngapi, deni ngapi, bia ya kontra ngapi. Na mukisha kumaliza hesabu, kama orkestra ya quartier iko inapiga, mulipe wanamuziki mbele ya kuagiza chupa ya pili.